Mguu Wako Juu ya Pedali



Ramadhani moja nilikuwa nasali tarawehe huku goti la kulia laniuma, hata kukaa baina ya sijda mbili ni taabu. Mama akasema ni baridi. Kumbe ni baiskeli! Kila siku nilikuwa naenda nayo chuo, kiti nimekishusha mno ili miguu yote ifike chini, na pedali naikanyaga kwa uvungu wa unyayo, ndara zikiteleza huku na huku.

Sasa ewe kijana mwenzangu, hebu jipime. Panda, shika ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila ya nyonga kuinama upande. Kisha rudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Na mahali pake ni wapi? Ni ile sehemu pana inayotuna nyuma ya vidole, hiyo ndiyo ikae juu ya ekseli ya pedali. Ikikuchosha shavu la mguu, sogeza mguu mbele kidogo, si haramu. Wala usiulazimishe unyayo kunyooka kama wa askari kwenye gwaride. Ukiwa watazama nje kidogo kwa maumbile, uache. Chunga goti tu lisiingie ndani ukikanyaga.

Pedali nazo? Wengi wetu tukiona mashindano twataka zile za kunasa kiatu. Ni kweli, Bernard Hinault alishinda Tour de France ya 1985 na pedali hizo za Look. Lakini yeye hakuwa akisimama kila penye matatu! Zataka kiatu chake maalumu, na kujinasua ni kupinda kisigino nje. Ukisahau, waanguka nayo. Kwa safari za mjini pedali bapa, pana, isiyoteleza yatosha. Zile za mpira za Black Mamba ni nzuri, ila mpira ukishalika na mvua inyeshe, jihadhari. Vaa kiatu cha soli ngumu kiasi. Soli laini hupinda na vidole vyafa ganzi, na kamba ukizikaza sana ni vilevile.

Ukibadilisha mwenyewe, aghalabu ni spana namba 15, na pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Rafiki yangu alihangaika nusu saa nzima, kumbe aikaza!

Mimi kiti nilikipandisha kidogo kidogo, si kwa siku moja. Kufika kumi la mwisho goti lilikuwa limetulia. Na wenye kanzu, kunjeni pindo la kulia kabla ya kupanda, mnyororo uko upande huo.