Somo la Redio: Nyumba ya Mapumziko na Mchanga Unaotunza Maji

  

Somo letu la leo ni somo la safari. Nataka tuondoke pamoja Kongwa, kwenye vumbi na upepo, tuende pwani tukae siku chache katika nyumba ya mapumziko. Lakini tutakaporudi, tutarudi na jambo ambalo mtu wa Kongwa analijua vizuri kuliko watu wengi: jambo la maji.

Kwanza, maneno ya leo. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni kwa herufi kubwa: UFUKWE. KILIMA CHA MCHANGA. BAMVUA. KISIMA. MGENI. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti.

Vizuri. Ufukwe ni mchanga ulio kando ya bahari. Kilima cha mchanga ni mchanga uliorundikwa na upepo nyuma ya ufukwe, pengine mrefu kupita nyumba. Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Huja mwezi unapoandama, na tena mwezi unapokuwa mpevu. Kisima mnakijua. Na mgeni ni nani? Tutaona mbele.

Sasa, nyumba ya mapumziko ni nini? Si hoteli kubwa yenye ghorofa. Ni nyumba ndogo, mara nyingi ya mawe au ya miti, iliyoezekwa makuti. Watu wa jamaa moja huipanga kwa siku chache. Hupika wenyewe, hufagia wenyewe, na hulala wakisikia mawimbi. Nyumba za namna hii zipo kusini mwa Pangani, zipo Unguja upande wa mashariki, na zipo Kenya huko Watamu na Lamu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, mgeni anaweza kulala karibu na bahari mahali ambapo wanyama wa nyika hufika hadi ufukweni.

Zamani watu walidhani mapumziko ya pwani ni ya wageni wa kutoka Ulaya tu. Sivyo. Mkulima aliyeuza mahindi yake vizuri pale Kibaigwa anaweza kwenda, hasa akishirikiana na ndugu zake. Hupita Gairo, Morogoro na Chalinze, kisha hushika njia ya Tanga. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda kati ya Dodoma na Dar es Salaam, kwa yule anayependa reli.

Ukifika, usikimbilie majini. Waulize wavuvi kwanza. Maji ya bahari hujaa kwa muda wa saa sita hivi, kisha hupwa kwa muda kama huo. Kila siku saa ya kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50. Ukitembea mbali juu ya mchanga uliokauka siku za bamvua, maji yanaweza kurudi nyuma yako kimya kimya. Na mahali ambapo mto huingia baharini, kama pale Pangani, usiogelee maji yanapotoka. Yana nguvu, na hayamsikilizi mtu.

Sasa nitawaeleza kisa changu mwenyewe.

Mwaka mmoja, mimi na mke wangu, dada yangu na watoto watatu, tulipanga nyumba ya namna hiyo kusini mwa Pangani. Mahali pale palikuwa kimya. Mchanga mweupe, minazi, na nyuma ya nyumba vilima vya mchanga. Watoto wangu hawakuwa wameona bahari. Siku ya kwanza waliingia majini na kutoka, wakaingia na kutoka. Kila walipotoka, walinawa miguu kwenye bomba lililo mlangoni. Bomba lilikuwa na maji mengi. Mimi niliketi kibarazani nikiwatazama, nikafurahi. Wala sikusema neno.

Kila asubuhi alikuja bibi mmoja wa kijiji kile kutuuzia mikate ya kumimina. Siku ya tatu alichelewa. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi. Leo umechelewa, ni salama?"

Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Ni salama, ila kisima chetu kimeanza chumvi. Nimekwenda kuteka mbali."

Nikamwomba anipeleke nikione. Kisima kilikuwa hatua chache tu kutoka nyumba yetu. Nikaonja maji yale kwa kiganja. Chumvi yake haikuwa kali, lakini ilikuwepo. Bibi akaniambia, "Msimu wa wageni huwa hivi. Mvua ikija, hupona kidogo."

Ndipo nilipoisikia pampu ya nyumba yetu ikinguruma. Ilikuwa ikivuta maji katika mchanga uleule.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa nyanda hizi kavu. Mama yangu alichimba maji katika mto wa mchanga wakati wa kiangazi. Alikaa shimoni akingoja maji yachuruzike, akayachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka ndoo ijae. Maji ya kunawia mikono tuliyamwagia mboga. Na mimi niliyelelewa hivyo, nilikaa kibarazani siku tatu, nikatazama maji ya bibi yule yakimwagika mchangani. Niliona haya.

Jioni ile tuliweka beseni mlangoni. Watu sita tukanawa miguu katika beseni moja. Sikukiponya kisima kile kwa beseni moja. Lakini tangu hapo nilianza kuuliza jinsi mchanga wa pwani unavyotunza maji, na niliyojifunza ndiyo haya.

Sikilizeni vizuri. Upepo wa bahari huchukua mchanga mkavu na kuusukuma nchi kavu. Mchanga hukutana na mimea itambaayo, mmoja wao una majani yaliyogawanyika kama kwato za mbuzi na maua ya zambarau. Mimea hiyo huukamata mchanga. Mchanga huongezeka, mimea nayo hupanda juu yake. Miaka mingi ikipita, kilima kimesimama. Mizizi ndiyo kamba inayokifunga. Ukiikata mimea, upepo hukichukua kilima na kukipeleka shambani au mlangoni kwako.

Mvua inyeshapo juu ya kilima, maji hayakimbii. Huzama. Mnajua jambo hili, maana mto wenu wa mchanga hufanya vivyo hivyo: juu mkavu, chini una maji. Lakini pwani kuna jambo jingine. Chini ya mchanga kuna maji ya bahari pia. Mbona basi kisima kina maji matamu?

Jibu ni uzito. Lita 1,000 za maji matamu zina uzito wa kilo 1,000. Lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi. Kwa hiyo maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mchanga, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Wataalamu wamepima, wakaona kwamba maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake yanaweza kufika hata mita 40. Na kinyume chake ni kweli pia. Ukivuta mengi mpaka usawa wa juu ushuke kidogo, chumvi hupanda sana kutoka chini. Ndiyo maana kisima huharibika kwa haraka, na hupona polepole.

Twendeni sasa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Mji wa Lamu ni wa kale, na mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Karibu nao pana kijiji cha Shela. Kutoka Shela huanza ufukwe mrefu wa kilomita 12 hivi, na nyuma yake vilima vikubwa vya mchanga. Mwanzoni mwa karne ya 19 palipiganwa vita hapo, na watu wa Lamu wakawashinda wavamizi. Lakini utajiri mkubwa wa vilima vile hauonekani. Ni maji. Mji wa Lamu hunywa maji yanayotunzwa na mchanga wa Shela.

Wageni wameipenda Shela, na wana haki ya kuipenda. Nyumba za mapumziko zimeongezeka, nyingine zimesogea mpaka kwenye vilima vyenyewe. Baadhi zina visima vyao, vyoo vyao, na pengine bwawa la kuogelea. Wenyeji na wataalamu wa maji wameonya kwamba kilima kikijengwa juu yake, mji ulio chini utakosa maji ya kunywa. Nyumba za wageni huleta kazi: ya uashi, ya upishi, ya kuendesha mashua. Hilo ni jema. Lakini kazi bila maji haikai.

Watu wa Kongwa hawahitaji kufika Lamu ili waelewe jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta hapa Kongwa kulima karanga. Miti ikang'olewa, mashamba makubwa yakafunguliwa, na reli ikajengwa. Mvua haikuja kama walivyotaka, na udongo ukakauka kama tofali. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Wagogo na Wakaguru walijua tabia ya mvua ya nchi yao. Mgeni hakuuliza vya kutosha.

Basi mgeni ni nani? Mgeni ni mtu asiyejua maji ya mahali yanatoka wapi. Mgeni mwema huuliza siku ya kwanza, wala hangoji siku ya tatu kama mimi.

Sheria nayo inasaidia. Hapa Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mto nao umo katika sheria hiyo.

Haya, hesabu ya leo. Chukueni kalamu. Bei hii ni ya mfano tu.

Watu wazima 6 wanapanga nyumba kwa usiku 4. Kila usiku ni shilingi 60,000. Jumla ni shilingi ngapi? Shilingi 240,000. Kila mmoja atatoa ngapi? Shilingi 40,000.

Sasa maji. Kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, watu 6 kwa siku 4 watatumia lita 480. Hizo ni ndoo 24 za lita 20. Kila mmoja akitumia lita 100, watatumia lita 2,400, yaani ndoo 120. Toa 24 katika 120. Zimebaki 96. Ndoo 96 ni maji ya nani?

Mwalimu, liache swali hilo ubaoni. Kikundi kizungumze pia maswali haya matatu:

1. Katika kijiji chetu, mchanga wa mto unachukuliwa na nani, na kwa kazi gani? Maji yanapungua au hayapungui?

2. Mgeni akija kujenga kwetu, nani amwoneshe kisima?

3. Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili juu ya mtu aliyemfundisha kutunza maji.

Ndugu wasikilizaji, yule bibi wa mikate hakutugombeza hata mara moja. Siku ya kuondoka alitufungia mikate ya njiani, na watoto wakamwachia lile beseni. Kwaherini, na msomaji mzuri asaidie jirani yake kusoma.