Usiache Mbachao: Kwa Nini Watu Hupokea Kitu Kipya au Hukikataa

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja amekwisha kuliona nyumbani kwake, shambani au sokoni. Huletwa chombo kipya, au mbegu mpya, au njia mpya ya kufanya kazi ya zamani. Watu wa kijiji hiki hukipokea kwa mikono miwili. Watu wa kijiji cha pili hukitazama, hutikisa vichwa, kisha huenda zao. Kwa nini?

Wazee wetu walituachia mithali mbili zinazogusa jambo hili. Ya kwanza yasema: Kipya kinyemi kingawa kidonda. Maana yake, mwanadamu hupendezwa na kitu kwa upya wake tu, hata kama kitamwumiza. Ya pili yasema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Maana yake, mkeka wako mkuukuu, ingawa umechakaa, ni wako, nao utaulalia usiku wa leo. Tukiziweka mithali hizi pamoja, zatuletea swali. Ikiwa mwanadamu hupenda vipya kiasi hicho, mbona mara nyingi huvikataa?

Liko jibu linalotolewa upesi, nalo ni hili: Hao ni wajinga, hao ni wavivu, hao wameshikwa na mila. Sisi hatuliamini jibu hilo. Twataka kuwaonyesha, kwa mambo yaliyotukia kweli, ya kwamba ni mara chache mtu kukataa kitu kwa sababu ni kipya. Kwanza hujiuliza moyoni: Jambo hili likishindikana, hasara itakuwa ya nani?

Tuanze na mahindi. Mtoto wa leo akiambiwa kwamba mahindi ni mgeni katika nchi zetu, atacheka. Lakini ndivyo yalivyo. Ingawa jina lake lataja Uhindi, asili yake ni bara la Amerika, nayo yalivushwa bahari katika siku za Wareno, baada ya mwaka 1500. Je, mgeni huyu alipataje kukaa katika kila chungu? Mkulima aliweza kupata konzi moja ya mbegu, akaipanda pembeni mwa shamba lake la mtama. Zisipoota, amepoteza konzi moja tu, na mtama wake uko pale pale. Zikiota, aliona kwa macho yake mwenyewe faida iliyokuwamo. Suke la mtama li wazi, na ndege hulila, hata watoto hushinda shambani wakiwafukuza. Bali hindi limevikwa maganda. Tena unga wake ulisongwa kwa mwiko ule ule, katika chungu kile kile. Mgeni huyu hakumtaka mwenyeji abomoe nyumba ili apate mahali pa kulala.

Lakini mahindi hayavumilii ukame kama mtama na uwele. Kwa hiyo, katika nchi zenye mvua chache, kama Ugogo, wako wakulima waliopanda mahindi bila kuacha uwele na mtama. Wako waliowacheka kwa ajili hiyo. Lakini mvua ikikatika mwezi mmoja kabla ya wakati wake, ni nani atakayekula, ni yule aliyecheka au yule aliyechekwa? Kushika kipya kwa mkono mmoja na cha zamani kwa mkono wa pili si ujinga. Ni akiba.

Sasa tuwatazame watu ambao hawakuanza na konzi moja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, na Nachingwea, na Urambo. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yakaletwa matrekta na mitambo ya kung'oa miti. Wataalamu walikuwako, na fedha zilikuwako. Lakini udongo wa Kongwa ni wa mfinyanzi. Jua likiupiga huwa mgumu kama tofali, ukaharibu vyombo vya kulimia, na karanga zenyewe zikashikwa ardhini zisiweze kung'olewa vema. Mvua nayo haikuja kama ilivyotazamiwa. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na fedha zilizopotea zilihesabiwa kuwa yapata pauni milioni 36.

Hatusemi haya ili tuwacheke waliokwisha kupita. Twayasema kwa sababu waliofanya hayo hawakuwa watu wasiojua kusoma, wala hawakuwa wavivu. Kosa lao lilikuwa kukipokea kipya kwa mamia ya maelfu ya ekari kabla ya kukijaribu vya kutosha katika ekari chache. Tena tazameni hasara ile iliangukia wapi. Iliwaangukia walipa kodi wa Uingereza, nchi kubwa na yenye watu wengi, nao wakaendelea kuishi. Mkulima wa Kongwa akipoteza mavuno ya mwaka mmoja, hana nchi kubwa nyuma yake. Hulala njaa yeye na wanawe. Basi, akisita kidogo kabla ya kukubali mbegu asiyoijua, tusimwite mjinga. Amehesabu vizuri.

Na tuje sasa kwenye jambo la kuhifadhi udongo, maana hapo chombo karibu kile kile kilikataliwa mahali pamoja na kupokewa mahali pengine.

Katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, serikali ya siku zile iliona kwamba mvua ilikuwa ikichukua udongo na kuuteremsha mabondeni. Baada ya mwaka 1950 wakulima wakaamriwa kukata ngazi katika miteremko ya mashamba yao. Hofu ya serikali haikuwa ya bure, maana udongo ulikuwa ukienda kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na asiyeifanya alitozwa faini. Tena, katika milima ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ngazi zilipokatwa, udongo mzuri mara nyingi ulifukiwa chini, na udongo usiofaa ukatokea juu, hata mavuno yakapungua. Watu walisema, lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1955 walikusanyika huko Matombo kuipinga kazi ile. Ghasia ikatokea, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo amri ile ikaondolewa, na ngazi nyingi zikaachwa ziporomoke.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Ukambani, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya. Huko nako, katika miaka ya 1930, ardhi ilikuwa imechakaa sana, hata wako waliosema kwamba nchi ile inakwenda kuwa jangwa. Huko nako watu walilazimishwa kuchimba mitaro, nao waliichukia. Lakini baadaye mambo yaligeuka. Katika miaka ya 1950 wakulima walianza kuchagua wenyewe namna ya ngazi iliyowafaa, na vikundi vya majirani, viitwavyo mwethya, vikafanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Namna moja iliyoenea sana ni ile iitwayo fanya juu. Huchimbwa mtaro unaokata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ukawa tuta. Juu ya tuta hupandwa majani ya kulisha ng'ombe. Kisha mvua yenyewe, mwaka baada ya mwaka, huusawazisha udongo nyuma ya tuta, hata shamba likawa ngazi. Mkulima hana haja ya kuligeuza shamba lote kwa siku moja.

Sababu ya mageuzi hayo ilikuwa pia sokoni. Waafrika walipopata ruhusa ya kulima kahawa, na mboga na matunda yalipopata wanunuzi, maji yaliyokaa shambani yaligeuka kuwa fedha. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 ngazi nyingi zilisahauliwa kwa muda, maana zilikumbusha siku za kulazimishwa. Lakini katika miaka ya 1970 watu walizirudia wenyewe, tena kwa nguvu zaidi. Katika mwaka 1932 wilaya ile ilikuwa na watu yapata 240,000. Katika mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Nchi iliyodhaniwa kuwa imekufa ililisha watu mara tano na zaidi.

Wasikilizaji, Waluguru si wajinga kuliko Wakamba, wala Wakamba si wajinga kuliko Waluguru. Katika Uluguru mkulima alibeba jasho na hasara, na faida ikaahidiwa na mwingine. Katika Ukambani, kazi ilipokuwa ya hiari, jasho lilikuwa lake, na faida ikawa yake, naye aliweza kuanza na mtaro mmoja.

Twende sasa jikoni, maana huko akina mama huamua mambo mengi kuliko wakubwa wa maofisini. Katika miaka mingi wataalamu wameleta majiko yanayopika kwa mwanga wa jua. Yanafanya kazi kweli, wala hayataki kuni. Lakini jua huwaka mchana, na nyumba nyingi hupika chakula kikubwa jioni. Tena ugali hutaka kusongwa kwa nguvu, na jiko la sanduku la kioo halivumilii mwiko. Mama huyatazama, husema asante, kisha hurudi kwenye mafiga.

Lakini katika miaka ya 1980, huko Kenya, lilitokea jiko jingine la makaa. Wazo lake moja lilitoka Thailand, nalo likaunganishwa na jiko la bati ambalo watu walikuwa nalo siku zote. Ndani yake likawekwa tabaka la udongo wa kufinyanga lililochomwa, ili kuhifadhi moto. Jiko hilo laweza kuokoa theluthi moja ya makaa au zaidi, nalo likaenea upesi. Sufuria ni ile ile, makaa ni yale yale, na mama hupika jioni kama kawaida. Tena mafundi wa jua kali, kama wale wa Shauri Moyo mjini Nairobi, waliweza kulitengeneza kwa mikono yao na kulirekebisha likiharibika. Chombo ambacho fundi wake yu karibu si mpita njia.

Na mfano wa mwisho mnao mifukoni mwenu. Mwaka 2005, nchini Kenya, yalifanywa majaribio madogo, kwa watu yapata 500, ili wakopaji waweze kulipa mikopo yao kwa simu. Wenye mpango walishangaa kuona kwamba watu waliutumia kwa kazi nyingine, yaani kutumiana fedha wao kwa wao. Hawakuwakemea, bali walisikiliza. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilipoufungua mpango wa M-Pesa kwa watu wote, habari iliyotangazwa ilikuwa moja tu: peleka fedha nyumbani. Kabla ya hapo kijana wa mjini alimkabidhi dereva wa basi bahasha, akaomba Mungu ifike. Sasa aliweza kujaribu kwa shilingi chache, akampigia mama yake simu kuuliza kama zimefika. Zilipofika, wiki ya pili alituma zaidi.

Basi, tukiyakusanya haya yote, twapata maswali manne ambayo mtu mwenye busara huyauliza kipya kinapobisha hodi. Je, naweza kukijaribu kidogo kabla sijaacha nilicho nacho? Je, kinapatana na kazi yangu, chakula changu na saa zangu? Kikiharibika, fundi yuko wapi? Na kikishindwa kabisa, atakayelala njaa ni nani?

Twapenda kusema neno kwa ninyi wanafunzi. Mtajifunza shuleni mambo mengi yaliyo ya kweli, nanyi mtayapeleka nyumbani kwa baba na mama. Wakisita, msiwacheke. Waombeni kipande kidogo cha shamba, pembeni, mfanye kazi ninyi wenyewe, ili hasara ikitokea iwe juu yenu na iwe ndogo. Jambo moja likionekana kwa macho hushinda maneno mia.

Na kwenu wazee wetu, twasema hivi kwa heshima. Kusita ni busara, lakini kusita milele nako kuna gharama yake, ingawa haionekani upesi. Udongo wa Uluguru ulikuwa ukiteremka kweli, iwe ngazi zimependwa au zimechukiwa. Aliyekataa dawa mbaya bado ana ugonjwa. Baada ya kukataa njia ya mwingine, yatupasa kuitafuta yetu, kama walivyofanya Wakamba.

Tena tuisikilize vema mithali tuliyoanza nayo. Wazee hawakusema tusiache mbacha kwa msala mpya. Walisema kwa msala upitao. Basi mgeni akija na msala mikononi, tusimfukuze wala tusikimbilie kuutupa mkeka wetu. Tumkaribishe akae, tumwulize maswali yetu manne, na tuone kama msala wake utabaki hapa hata kesho asubuhi.