Abramu Alitolewa Nje



Somo la kwanza la Dominika hii ya Pili ya Kwaresima, Mwaka C, latueleza kwamba Mungu alimtoa Abramu nje, akamwagiza azihesabu nyota. Neno hilo "nje" nililipita mara nyingi bila kulijali, hata mtoto wa miaka saba aliponifundisha.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa mgeni wa familia moja ya Kitanzania huko Jersey City, Marekani, ng'ambo ya mto Hudson mkabala na New York. Baba wa nyumba hufanya kazi ghalani usiku, mchana hulala. Jumamosi moja, badala ya kulala, alitupeleka mimi na binti yake kwenye makumbusho ya sayansi yaitwayo Liberty Science Center. Humo mna planetariamu, yaani ukumbi wa kuonyeshea anga, uliofunguliwa Desemba 2017. Kuba lake lina kipenyo cha mita 27. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo, ulioonyeshwa Munich, Ujerumani, mwaka 1923, ulirusha nukta za mwanga wa taa. Huu wa leo hutumia kompyuta na projekta 10, ambazo picha zake huunganishwa hata jicho lisione mshono.

Taa zilipozimwa, kuba likatoweka. Tuliiacha dunia, tukaipita Zohali na pete zake. Nami, mtu mzima, nilishikilia kiti nisianguke, ingawa hakikusogea hata kidogo. Kisha mwongozaji akauliza kama yupo aliyetoka mbali. Baba yule akataja Tanzania. Anga likageuka, na upande wa kusini ukasimama Msalaba wa Kusini, ambao Jersey City hauchomozi kamwe. "Miaka kumi na miwili, Padre," akaninong'oneza. Hakusema zaidi.

Binti naye akauliza, "Padre, nyota hizi ni za kweli?" Sikutaka kukatizwa, nikamjibu upesi: "Hapana mwanangu, ni picha tu."

Nakiri kosa langu. Jioni nilimsikia akimweleza mama yake kwamba nyota hazipo, hutengenezwa na kompyuta; Padre amesema. Wala hakuwa mjinga. Katika miji ile mikubwa mwanga wa taa hutawanyika angani na kuzifunika nyota hafifu. Njia ya Maziwa, ambayo sisi vijijini twaiona tukienda kufunga zizi, yeye hajaiona tangu azaliwe. Alikuwa na neno langu tu. Enyi makatekista, ninyi mwajua jinsi jibu la haraka linavyodumu kichwani mwa mtoto.

Nikamwambia kwamba nimekosea: picha zile zimechorwa kwa vipimo vya nyota zenyewe, nazo zipo. Akanitazama kwa mashaka. Basi nikavaa koti, nikamwomba baba yake atutoe nje. Akaangalia saa, maana zamu ilikaribia, lakini akatoka.

Nyuma ya nyumba tulihesabu nyota tisa. Ndipo baba akaonyesha juu kabisa, mahali palipokuwa na kitu kama ukungu mdogo. "Kile ni Kilimia. Babu yako alikitazama ili ajue wakati wa kulima." Binti akaikinga taa ya mlangoni kwa kiganja, akakaza macho kwa muda mrefu.

"Nimekiona," akasema. "Baba, zihesabu na wewe."

Baba yake alichelewa kazini usiku ule.