Aliyepigwa nyumbani asipoteze na kazi

Msikilizaji, muuzaji wa duka hapa Majengo, Songea, akipigwa na mumewe usiku, asubuhi ana mizunguko mingi: polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kuchukua fomu ya PF3, hospitali fomu hiyo ijazwe, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Jua linazama, na dukani ameshaandikwa mtoro.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya mwaka siku 28, ya uzazi siku 84, na ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Likizo ya kushughulikia ukatili wa nyumbani haimo. Majeraha yana cheti cha daktari. Siku ya kwenda mahakamani au kuwahamisha watoto haina.

Ufilipino, mwaka huohuo wa 2004, ilimpa mwanamke wa namna hii siku 10 zenye malipo. Pendekezo Na. 206 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2019, linataja likizo hiyo pamoja na kinga ya kutofukuzwa.

Bunge letu liiweke likizo hiyo katika sheria. Mshahara ndio nauli na kodi ya chumba cha anayetaka kuondoka. Ukimfukuza, umemrudisha kwa anayempiga. Waajiri wa Songea, toeni ruhusa na mtunze siri tangu leo. Na wewe uliyeachishwa kazi bila haki, fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.