HAKI YA JIRANI NA RAMANI YA MJI

Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu wa Gisenyi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake. Amma baad.



Mji ukuao hauna budi kupangwa. Pasipo mpango njia hazipitiki, maji ya mvua hayana pa kwendea, na moto ukizuka gari la kuuzima halifiki. Kwa hiyo haimpasi Mwislamu kuuchukia mpango wa mji kwa kuwa ni mpango tu. Walakini ramani huchorwa juu ya karatasi, na juu ya karatasi nyumba ya mjane na watoto wake ni kidoa kidogo. Mstari mmoja wa kalamu waweza kuugeuza mtaa wa kukaa watu ukawa mahali pa mahoteli na maghala. Hapo ndipo lizukapo swali la leo: mwenye nyumba ana haki gani ya kukataa, na akatae kwa njia gani hata asikilizwe?

Jambo hili si geni katika Uislamu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipofika Madina, ngamia wake alipiga magoti katika uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Hapo ndipo alipotaka kujenga msikiti. Basi aliuliza bei. Wenye mahali walitaka kutoa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, naye, kama walivyopokea wanazuoni wa sira, hakukubali ila kwa kulipa. Msikiti wa Mtume mwenyewe ulisimama juu ya ardhi iliyolipiwa.

Kisha zikaja zama za Sayyidna Umar. Katika mwaka wa 17 wa Hijra Waislamu walikuwa wamezidi, na msikiti ukawa mdogo. Umar alizinunua nyumba za jirani ili aupanue, ikabaki nyumba ya Abbas, ami yake Mtume. Amepokea Ibn Saad kwamba Umar alimpa Abbas hiari ya mambo matatu: auze kwa fedha ya Baitul Mali, au apewe kiwanja kingine Madina na kujengewa nyumba, au aitoe sadaka. Abbas akayakataa yote matatu. Basi Amirul Muuminina, mwenye jeshi na hazina, hakutuma askari. Walimchagua Ubayy bin Kaab awe hakimu baina yao, naye Ubayy akahukumu kwamba Abbas hatolewi nyumbani mwake pasipo ridhaa yake. Umar akaikubali hukumu. Ndipo Abbas, baada ya haki yake kuthibiti, akaitoa nyumba ile sadaka kwa Waislamu.

Tazameni mpango wa kisa hiki. Haki ilitangulia, na ukarimu ukafuata. Lau Umar angalivunja kwanza na kuuliza baadaye, Abbas asingalikuwa na cha kutoa sadaka, kwani mtu hatoi sadaka kitu alichokwisha kunyang'anywa. Tena Abbas hakuitwa mwasi wala adui wa maendeleo. Alisema neno lake mbele ya hakimu, akasikilizwa, na mambo yakaisha kwa heri.

Mfano wa siku hizi wapatikana Lamu, katika pwani ya Kenya, mji wa Waswahili ambao UNESCO iliuandika mwaka 2001 miongoni mwa urithi wa dunia. Kampuni iitwayo Amu Power ilitaka kujenga Kwasasi, bara ya kisiwa hicho, mtambo mkubwa wa umeme uendeshwao kwa makaa ya mawe, wa megawati 1,050. Mwaka 2016 ilipewa kibali cha mazingira. Wavuvi, wakulima na wazee wa mji waliogopa moshi, majivu, na kuharibika kwa bahari iwalishayo. Hawakuchoma kitu wala kumpiga mtu. Walikusanyika chini ya jumuiya yao ya Save Lamu, wakaandika rufaa, wakatafuta wanasheria na wataalamu, wakasubiri karibu miaka mitatu. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilikifuta kile kibali.

Sababu moja kubwa ya hukumu ile yafaa ihifadhiwe na kila mwenye kiwanja. Mahakama iliona kwamba wananchi hawakushauriwa kwa njia ya haki. Mikutano iliyofanywa mapema ilikuwa ya kuwajulisha watu habari tu, na uchunguzi ulipokamilika hawakurudishiwa matokeo yake kwa namna ya kuwawezesha kutoa maoni. Kumwambia mtu si kumshauri. Anayeitwa mkutanoni ili apige makofi hajashauriwa, hata kama jina lake limeandikwa katika orodha ya waliohudhuria.

Sasa maneno yarudi Gisenyi. Wazee wajua ya kwamba mitaa ya Waswahili katika miji ya Rwanda ni zao la mipango ya wakubwa. Zama za Wabelgiji Waislamu walitengwa katika mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na watu wakahitaji ruhusa kwa kuingia na kutoka. Mahali walipowekwa bila kuulizwa, watu wale walipatia uhai: walijenga misikiti, wakafungua vyuo na maduka, wakawalea mayatima. Kwa hiyo ramani mpya ikipita juu ya mtaa wa namna hii, hubomoa matofali na pia ule ujirani uliojengwa kwa vizazi. Msikiti waweza kuachwa umesimama, ukapakwa chokaa, na jamaa yake ikatawanyika vilimani. Adhana ikasomwa, na asipatikane wa kuijibu ila mpita njia.

Basi afanye nini mwenye nyumba? Kwanza, aijue hati yake. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Serikali ya Rwanda iliandikisha ardhi ya nchi nzima, viwanja zaidi ya milioni 10. Hati ikiwa bado ina jina la babu aliyekufa, na warithi hawajagawana kwa sheria, siku ya fidia huwa siku ya ugomvi. Mirathi ni faradhi, na kuichelewesha ni kumfungulia mgeni mlango. Kadhalika mali ya wakfu iandikwe kuwa ni wakfu, isibaki katika jina la mtu mmoja.

Pili, aiangalie ramani ikingali mbichi. Mkutano wa mudugudu ukiitishwa, aende, aulize, na neno lake liandikwe. Wengi hukaa kimya mpaka waone alama ya rangi ukutani, ndipo hulia. Tatu, aijue sheria. Sheria ya mwaka 2015 juu ya kuchukua mali kwa manufaa ya wote iliweka kwamba fidia iwe ya haki, ilipwe kabla ya mtu kuhama, kwa fedha au kwa namna nyingine watakayoafikiana pande mbili. Na asiyeridhika na thamani iliyotajwa alipewa njia ya kupinga kwa maandishi, na kuleta mthamini mwingine kwa gharama yake. Mnyonge mmoja hawezi gharama hiyo, bali watu ishirini wakichanga wataiweza.

Walakini si kila pingamizi ni la haki. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha, mito ikafurika, Sebeya ikaingia majumbani, na watu zaidi ya 130 wakafa katika nchi, wengi wao katika Jimbo la Magharibi. Ramani ikisema watu wasilale tena ukingoni mwa mto ule, anayepinga kwa kuwa amezoea mahali ajitafakari sana, kwani uhai hutangulia mali, na mtu hana ruhusa ya kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Hapo haki yake ni fidia na mahali pa kuhamia, wala si kubaki. Vilevile asiyetaka njia ipite kwake, na hali aitaka ipite kwa jirani, huyo hatetei haki, atetea nafsi yake.

Abbas alikuwa na haki, akaisema wazi, kisha akatoa. Umar alikuwa na nguvu, akaizuia, kisha akapata. Mji utakaopangwa kwa adabu ya watu hawa wawili utapanuka pasipo machozi.

Mwenyezi Mungu aihifadhi Gisenyi na watu wake wa kila dini, awaongoze wenye mamlaka katika uadilifu, na awape wananchi ulimi wa kweli na subira. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.