Keti kwanza, uulize

Katika Marko 10, kila mtu aliona kwamba Bartimayo ni kipofu. Hata hivyo Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini. Alimpa nafasi ya kusema mwenyewe.

Mwaka jana nililazwa. Muuguzi wa mchana aliandika fishi bila kunitazama. Nikaficha kwamba nilikunywa dawa ya mizizi. Niliona haya, mimi mchungaji! Usiku muuguzi mwingine akaketi karibu yangu, akauliza kwa upole: «Baba Mchungaji, nyumbani ulikunywa nini?» Nikasema yote. Hakunicheka. Alimwita daktari, dawa zikabadilishwa.

Ndugu muuguzi, kusikiliza nako ni kazi yako. Nawe mgonjwa, usifiche. Amina.