Kosa la Mchongaji: Karata kama Hati ya Historia



Katika nyumba nyingi karata zimepigwa marufuku kwa sababu ya kamari, na sina ugomvi na wazazi waliozikataza. Ninazozileta mbele yenu jioni hii hazina dau. Ni za kutazamwa na kulinganishwa.

Mtazameni mfalme wa kopa, yule yule anayetupwa mkekani kila siku barazani. Upanga wake umepita nyuma ya kichwa kana kwamba anajidunga, na visa vingi vimetungwa kueleza huzuni yake. Hakuwa na huzuni yoyote. Katika karata za kale za Rouen, mji wa Ufaransa ambako Waingereza walikuwa wakinunua karata zao, mfalme huyo alishika shoka. Wachongaji wa Uingereza waliinakili picha hiyo kwenye vibao vya mbao kizazi baada ya kizazi. Bapa la shoka likamezwa na ukingo wa karata, ukabaki mpini, na mpini ukawa upanga.

Anayehariri tenzi kutoka miswada ya hati za Kiarabu anaifahamu kazi hii: nakala mbili zenye kosa moja la pekee huwa zina asili moja. Mkusanyaji makini wa karata hufuata njia hiyo hiyo, na ndiyo maana nasema kazi yake ni utafiti.

Mnamo 1939 mtafiti L. A. Mayer alichapisha maelezo ya karata za Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri, zilizohifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul. Zina aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Hazina sura za watu. Mfalme na manaibu wake wametajwa kwa maandishi tu. Karata za namna hii zilifika Ulaya, na Florence ilizipiga marufuku mwaka 1377. Wazungu wale hawakuijua polo, basi fimbo zikageuka bakora na marungu. Tazameni sasa panga. Katika karata za Treviso na Bergamo, kaskazini mwa Italia, panga zimepinda na kupishana. Katika za Hispania na Napoli zimenyooka. Panga za Wamamluki zilikuwa za kupinda. Kwa hiyo seti ya bei nafuu inayouzwa leo Treviso imebeba umbo la Misri ambalo Wahispania waliliacha.

Wahispania nao waligundua jambo ninalolipenda kuliko yote. Mstari unaoizunguka karata yao hukatika juu na chini: sarafu haukatiki, vikombe hukatika mara moja, panga mara mbili, marungu mara tatu. Mchezaji akizisogeza karata kidogo tu mkononi anajua alichonacho, na jirani haoni kitu.

Wajerumani walichagua mioyo, majani, kengele na mbegu za mwaloni. Wafaransa, kuelekea mwisho wa karne ya 15, walipata maumbo mepesi kupakwa rangi kwa kiolezo kilichotobolewa, nyekundu na nyeusi basi. Urahisi huo ndio uliozisambaza duniani, mpaka kwetu.

Kwa nini basi michoro ya kila mkoa, kama ile ya Treviso, haikufa? Kodi ilichangia: mwaka 1701 serikali ya Ufaransa iliiwekea kila sehemu ya ukusanyaji kodi mchoro wake. Lakini kodi zimekwisha na michoro ipo. Nguvu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya wachezaji. Mtu aliyezoea kutambua karata kwa kuitupia jicho hataki msanii ambadilishie. Ndiyo sababu nawashauri wanaoanza kukusanya waziache kwanza seti za fahari zilizotengenezwa kwa ajili ya kabati. Zilizochakaa kwa kuchezwa ndizo zenye habari.

Wareno walikuwa na karata ambazo ree zake zina picha ya joka. Walizifikisha Japani katika karne ya 16, Wajapani wakazinakili, na majoka yakaendelea kuishi huko. Pwani yetu imebaki na kopa, uru, shupaza na pau, majina ya Kireno ya vikombe, dhahabu, panga na marungu. Lakini Wareno wenyewe huyatumia majina hayo hata kwa karata zenye maumbo ya Kifaransa, kwa hiyo majina peke yake hayatuambii picha gani zilishuka Mombasa na Unguja. Zinatakiwa karata zenyewe.

Nawaomba hivi, wanafunzi. Mkirudi makwenu likizo, waulizeni wazee kama kuna karata kuukuu ndani ya kasha. Zikiwa pungufu, zipokeeni hivyo hivyo. Anzeni na ree ya shupaza: katika karata za Kiingereza ndiyo iliyobeba alama ya kodi, kodi iliyofutwa mwaka 1960, na mara nyingi jina la mtengenezaji liko hapo. Karatasi ya kufungia msiitupe. Andikeni kwenye bahasha, kamwe si juu ya karata, zimetoka mji gani, zilinunuliwa wapi na zilichezewa mchezo gani. Kisha zileteni hapa chuoni.